Blaindi za roman si mapazia: tunapokosea tunapoziagiza

Jumamosi moja nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba mpya kule Kigamboni, nikipachika blaindi ya roman, ile ya kitambaa inayokunjwa kwenda juu, ya chumba cha watoto. Juu iliingia bila shida. Nilipoishusha, ilikwama kwenye plasta karibu na chini, upande mmoja ukabinuka na ule upinde mzuri wa kitambaa ukaharibika. Mwenye nyumba, aliyekuwa amenishikia ngazi, akaniuliza kwa upole, "Fundi, si nilikutumia vipimo?"

Kweli alinitumia. Madirisha yote manne yaliandikwa sentimita 120, nami nikayakubali bila kwenda kupima mwenyewe. Hilo la watoto lilikuwa 120.5 kwa juu na 118.7 kwa chini. Nilikuwa nimeshona blaindi ya 119. Niliifumua, nikaishona upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sikati kitambaa kabla sijaliona dirisha.

Dhana iliyotuponza ndiyo kubwa kuliko zote: kwamba blaindi ya roman hupimwa kama pazia. Pazia lina marinda, linaning'inia kwenye bomba, na sentimita tatu zikizidi au kupungua hakuna anayejua. Blaindi ya roman ni kipande kimoja kilichonyooka, chenye vijiti vilivyopita kwa upana nyuma yake, pete ndogo, na kamba zinazokikunja kutoka chini kwenda juu. Hakina pa kuficha kosa. Ikiwa itakaa ndani ya tundu la dirisha, pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha chukua kipimo kidogo kabisa. Urefu nao upime mara tatu. Tumia tepu ya chuma, kwa sababu futi ya kitambaa huvutika. Pima pia kina cha tundu, kutoka fremu ya alumini hadi ukingo wa ukuta, na uangalie kama kitasa cha dirisha au grili ya ndani haitagusana na mikunjo.

Halafu kuna sentimita moja inayoliwa mara mbili. Mteja anapima tundu, anapunguza sentimita ili blaindi ipite kwa nafasi, anamtumia fundi. Fundi naye, akidhani amepewa kipimo cha tundu, anapunguza tena. Inakuja blaindi iliyopwaya, mwanga unapita pembeni, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Andika wazi: "hiki ni kipimo cha tundu" au "hiki ni kipimo cha blaindi iliyokamilika". Na uandike ni sentimita, inchi au milimita. Mafundi wa alumini huandika 1200 kwa 1500, sisi washonaji tumezoea inchi, na mteja anazungumza futi nne kwa tano. Watu watatu, lugha tatu, dirisha moja.

Wanaojenga husema, "Niagize mapema, nikihamia nikute kila kitu tayari." Naelewa hamu hiyo, lakini tundu la leo si tundu la mwezi ujao. Plasta huongezeka, skimu huongezeka, marumaru zikiwekwa chini ya dirisha urefu unapungua. Subiri kazi hizo ziishe.

Wengine huniambia, "Hiyo si kipande tu cha kitambaa? Mbona bei inazidi pazia?" Ni kweli kitambaa kinachotumika ni kidogo. Pazia lenye marinda hula upana wa dirisha mara mbili au zaidi, ilhali dirisha la 120 kwa 150 linahitaji kama mita 1.75 tu ya kitambaa chenye upana wa 137, pamoja na pindo. Ila kuna bitana, vijiti, mfumo wa mnyororo wa kupandishia unaokaa juu, na pete zinazoshonwa kwa mkono moja moja, kila safu ikilingana na nyingine. Safu moja ikipanda milimita tano, blaindi itakunjika upande kila inapovutwa, maisha yake yote.

Na ukichagua kitambaa cha maua makubwa, hesabu hubadilika. Tuseme ua linajirudia kila sentimita 64, nawe una madirisha matatu kwenye ukuta mmoja. Ili maua yakae usawa mmoja kote, siwezi kukata 175. Lazima nikate 192, yaani marudio matatu kamili. Kwa madirisha matatu, zaidi ya nusu mita inakwenda hivyo. Fundi akikuomba kitambaa cha ziada kwa sababu hii, hakuibii. Muulize marudio ni sentimita ngapi, akuonyeshe kwa tepu. Dirisha likizidi upana wa kitambaa, sisitiza upana mzima ukae katikati na vipande viungwe pembeni, kulia na kushoto sawasawa. Mshono mmoja katikati ya blaindi utauona kila asubuhi.

Bitana si anasa. Shika kitambaa kisicho na bitana mbele ya dirisha saa mbili asubuhi uone: vijiti vyote vinaonekana kama mbavu, pindo zinaonekana, hata uzi. Na jua letu halina huruma. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa mwaka mzima, jua likiwa chini na kuingia moja kwa moja. Hayo usiyashonee blaindi bila bitana, rangi itapauka kwa mistari kufuata mikunjo.

Bitana ya blakauti nayo huaminiwa kupita kiasi. Kitambaa chenyewe huzuia mwanga, sawa, ila blaindi iliyo ndani ya tundu lazima iwe na nafasi pembeni ili ipande na kushuka, na mwanga hupita hapo. Pia kila tundu la sindano kwenye blakauti hupitisha nukta ya mwanga. Niliwahi kulala mchana kwenye chumba nilichokishonea mwenyewe, nikaona safu za vinyota vidogo, kimoja kwa kila pete. Kwa anayefanya kazi za usiku nashauri blaindi ifungwe nje ya tundu, izidi sentimita kumi kila upande, na ipandishwe juu ya lenta. Kupandisha huko kuna faida nyingine: blaindi ikikunjwa yote hubaki na fungu la sentimita ishirini na zaidi, na fungu hilo likikaa ukutani halili dirisha.

"Itapoza chumba." Kidogo sana. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia, na blaindi yenye bitana nyeupe hurudisha sehemu yake tu. Kinachozuia joto hasa ni kivuli cha nje ya kioo: mti, baraza, au zile luva za mbao zinazoonekana kwenye madirisha ya Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa, zinazokinga jua huku upepo ukipita. Blaindi ya roman iliyoshushwa huziba upepo. Kama sebule yako inategemea upepo wa bahari, panga kuiacha nusu, au chagua kitu kingine. Napenda blaindi hizi kwa moyo wote, lakini siwezi kukuuzia kwa ahadi isiyo yake.

Kitenge na kanga vinafaa, tofauti na wengi wanavyodhani, ila si bila maandalizi. Loweka, anika, piga pasi kwanza, maana pamba hurudi. Kanga ina shida yake: mara nyingi chapa haijanyooka na uzi, kwa hiyo ukifuata pindo blaindi inajikunja, ukifuata uzi pindo inakwenda mshazari. Kabla ya kununua ikunje katikati dukani uone kama pindo zinakutana. Kwa jikoni yenye dirisha pana na fupi hukaa vizuri mno, na jina la kanga likibaki chini husomeka hata blaindi ikiwa imepandishwa.

Kufua? Toa vumbi kwa brashi laini kila wiki. Yenye blakauti usiitie kwenye mashine.

Sasa kamba. "Ni kamba tu, watoto watazoea." Hapana. Mtoto mdogo akiingiza shingo kwenye kitanzi cha kamba au mnyororo, hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia. Vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyofanya kiwango cha Ulaya cha usalama wa blaindi, EN 13120, kikazwe mwaka 2014, hata kamba za nyuma ya blaindi za roman zitakiwe kuachia zikibeba uzito wa kilo 6. Marekani, tangu Juni 2024, kiwango cha sekta ya blaindi kimeondoa kamba zinazoning'inia hata kwenye blaindi zinazotengenezwa kwa vipimo vya mteja. Hapa kwetu muulize fundi wako kama ana viunganishi vinavyoachia vyenyewe. Kama blaindi ina mnyororo, kishikizo chake kifungwe ukutani kwa skrubu, mnyororo ukiwa umekazwa, angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni. Blaindi ya kule Kigamboni niliifunga hivyo, kisha mimi na mama wa watoto tukakisogeza kitanda cha mdogo hadi ukuta wa pili, mbali na dirisha, ndipo nikakunja ngazi.