Je, wajua kwa nini foleni huligharimu zaidi gari la petroli kuliko la umeme?

Saa 12 jioni, Dar es Salaam, kutoka Ubungo kwenda Kimara. Gari linasogea mita 20, linasimama. Linasogea tena, linasimama. Mshale wa mafuta unashuka na hata kituo cha Kibo, cha hapo karibu tu, hujafika.

Injini ya petroli inanguruma hata magurudumu yasipozunguka. Hata gari likitembea, zaidi ya nusu ya nishati iliyomo kwenye petroli hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachosukuma gari, na breki nazo zinakimaliza. Chukua gari la tani 1 linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Mwendo wake umebeba nishati ya kuwasha balbu ya wati 9 kwa karibu saa 3. Ukikanyaga breki mpaka likasimama, pedi zinasugua diski, diski zinapata moto, na ile nishati yote inaishia hewani. Kwenye foleni unanunua mwendo kwa petroli, unauchoma, unaununua tena.

Gari la umeme linafanya jambo ambalo aliyekuwa na baiskeli yenye dinamo analijua miguuni. Ukiibana dinamo kwenye tairi, taa inawaka, lakini pedeli zinakuwa nzito. Uzito ule ndio bei ya mwanga: sumaku inazunguka karibu na waya, umeme unazaliwa, na anayeuzalisha ni mguu wako. Michael Faraday aliigundua kanuni hiyo mwaka 1831.

Sasa mota ya gari la umeme ni dinamo pia. Ukiipa umeme, inazungusha magurudumu. Ukiachia pedeli ya mwendo, mambo yanageuka: magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo inarudisha umeme kwenye betri. Ule uzito wa dinamo ndio unaopunguza mwendo. Kwangu mimi hakuna ubunifu wa magari mzuri kuliko huu, maana kusimama kwenyewe kunarudisha sehemu ya ulichotumia kuondoka. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ilikuwa nao tayari, pamoja na injini yake ya petroli. Ukishuka Kimara kuelekea Ubungo asubuhi, mteremko unachaji betri.

Hairudi yote. Nyingine hupotea kwenye mota, nyaya na betri. Betri ikiwa imejaa haina pa kuupokea umeme huo, na mwendo ukiwa wa kobe kinachorudi ni kidogo sana. Kiyoyozi nacho, kwa joto la Dar mwezi Januari, kinakula betri hata gari likiwa limesimama. Ila mota yenyewe, gari likisimama, haili karibu chochote.

Hapo wahandisi wakakutana na tatizo jipya. Breki za kawaida bado zipo kwa dharura, lakini hazitumiki sana, na diski isiyosuguliwa hushika kutu. Kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, fundi atahangaika na kutu kabla ya pedi kuisha. Ndiyo maana Volkswagen ID.4, gari la umeme lililozinduliwa mwaka 2020, lina breki za drami nyuma, zile za zamani zilizofunikwa, ambazo wengi walidhani zimeshapitwa na wakati.