Mjamzito aliyekimbia vita: malaria na kupungukiwa damu

Haya yanawahusu wajawazito waliokimbilia Kigoma kutoka Burundi na Kongo, wakiwemo walioko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996.

Sina homa wala kichwa hakiumi. Dawa ya malaria ya nini?

Malaria ya mjamzito hujificha. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, na mama aliyekulia penye malaria nyingi anaweza kukaa navyo bila homa yoyote. Hata kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha yuko salama. Huku ndani damu inaharibiwa, na mtoto anakosa chakula: huzaliwa na uzito mdogo, au mimba hutoka. Ndiyo maana kliniki hutoa SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, kuanzia wiki ya 13, dozi tatu au zaidi, zikipishana angalau mwezi mmoja. Meza palepale mbele ya muuguzi. Kama unatumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi ambayo hupewa hasa wenye VVU, mwambie kwanza, maana hupaswi kuichanganya na SP.

Natoka milimani, kwetu baridi na mbu ni wachache.

Basi wewe uko hatarini zaidi, kwa sababu mwili wako haujazoea malaria. Ukishikwa na homa usingoje kupambazuke.

Kadi ya kliniki ilipotea njiani.

Nenda hivyohivyo, mama. Kupoteza kadi ukikimbia si kosa. Eleza mimba ina miezi mingapi na lini ulimeza SP mara ya mwisho, utaendelea ulipoishia. Uliza pia chandarua chenye dawa.

Nimepimwa wingi wa damu, wamesema 9.

Imepungua. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Siwezi kumwambia anayeishi kwa mgao wa unga na maharage ale nyama kila siku, kwa hiyo tegemeo lako ni vidonge vya kuongeza damu, kila siku bila kuruka. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Meza kwa maji, kamwe si kwa chai. Ukipata limao, kamulia kwenye maharage au matembele, husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Na ule udongo wa sokoni unaoutamani, acha: hamu yake mara nyingi hutokana na damu kupungua, nao huzuia chuma hicho hicho.

Lini nisingoje siku ya kliniki?

Ukihema ukiwa umekaa tu, viganja vikiwa vyeupe, homa, mkojo mweusi, kutokwa damu, au mtoto akiacha kucheza. Nenda hata usiku.