Je, wajua? Zile "siku 21" za kujenga tabia ya kusoma zilianzia kwenye pua

Mwaka wa kwanza chuo hapa Dodoma nilibandika karatasi ukutani, geto kule Ng'ong'ona, nimechora viboksi 21, kila siku nikipiga msuli masaa mawili nakata kimoja kwa peni nyekundu. Nilishaambiwa na kila mtu, kuanzia braza mmoja wa mwaka wa tatu mpaka jamaa wa kwenye semina, kwamba ukifanya kitu siku 21 mfululizo kinakuwa tabia, baada ya hapo mwili unajiendea wenyewe kama daladala iliyozoea ruti. Nikafika ya 21. Siku ya 22 nimekaa kitandani nasubiri mwili ujiendee, mwili umejilaza unaangalia mpira kwenye simu. Nikaona basi, mbovu ni mimi. Muhula ule nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia.

Sasa kumbe hiyo 21 haijawahi kuwa ya kusoma. Wala ya tabia yoyote ile.

Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Alikuwa anaona mtu akishatengenezewa pua anachukua kama siku 21 hivi kabla hajaacha kushtuka akijiona kwenye kioo, na aliyekatwa mkono au mguu naye anaendelea kuuhisi upo kwa muda unaofanana na huo. Mwaka 1960 akayaweka kwenye kitabu, na aliandika kwa tahadhari tu, kwamba kwa kawaida inachukua si chini ya siku 21 hivi. Kitabu kikauza sana, watu wakaanza kupokezana, na njiani vikadondoka vitu viwili. Cha kwanza ni "si chini ya", kikabaki "siku 21" mkavu. Cha pili ndio kinanichekesha mpaka leo: "kuzoea" kukageuka "kujenga tabia".

Hebu itazame hiyo pua. Mwenye pua mpya hafanyi kitu chochote, haamki saa kumi alfajiri kwenda kufanya pua, hakuna siku anaruka kwa sababu amechoka au umeme umekatika. Pua ipo tu usoni, analala nayo anaamka nayo. Ni sawa na mtu aliyehamia Nkuhungu, wiki tatu anakuwa ameshazoea nyumba, usiku anaenda chooni bila kugonga kabati, halafu mtu aje aseme kumbe basi nyumba inajengwa kwa wiki tatu. Kuzoea nyumba na kujenga nyumba vinakutana wapi? Lakini mimi nilichora viboksi, tena kwa rula.

Aliyekuja kupima tabia zenyewe kwa ukaribu ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, matokeo yakatoka mtandaoni 2009. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku, kula tunda mchana, kunywa maji, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni, na kila siku anajaza kama amefanya na kama kimekuja chenyewe bila kujivuta. Mpaka kitu kizoeleke hivyo, ya katikati ikaja siku 66, wa haraka 18, wa mwisho 254.

Mimi fasta nikataka kubadilisha karatasi ukutani niandike 66. Subiri kwanza. Utafiti wenyewe uliendeshwa siku 84, sasa huyo wa siku 254 alionekana wapi? Hakuonekana, alikadiriwa, yaani walichukua mstari wake kwenye grafu, ule wa jinsi kitu kinavyozidi kuja chenyewe siku hadi siku, wakauendeleza kwa hesabu mpaka unapolala. Na kati ya watu 82 waliojaza vya kutosha, mstari huo ulikaa vizuri kwa 39 tu. Halafu ni matunda na maji na mazoezi, hakuna aliyekuwa anahangaika na kemia. Mazoezi, ambayo angalau yanachosha, yalichukua kama mara moja na nusu ya muda wa kula na kunywa, kwa hiyo mtu anayekuambia 66 kwa kujiamini naye anakuuzia pua, sema hii imenyooka zaidi kidogo.

Kwenye ule utafiti namba mimi sizijali sana, kilichonikamata ni umbo la mstari. Unapanda haraka mwanzoni halafu unalegea taratibu mpaka unalala. Kwetu huku hiyo kitu tunayo kila mahali, inaitwa korongo.

Chukua kiwanja kilichoinama kidogo, udongo mwekundu, kimekauka toka Mei, mvua za Dodoma unazijua, msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mvua ya kwanza inashuka, maji yanatawanyika hovyo hayajui pa kupita. Pale ng'ombe alipokanyaga pana kijibonde, maji kidogo yanapita hapo yanaondoka na udongo kiasi. Mvua ya pili inakuta pale pameshuka, kwa hiyo maji mengi zaidi yanaelekea palepale na panachimbika zaidi. Ya tatu hivyohivyo. Hizi za mwanzo ndio zinachimba vibaya mno kwa sababu udongo wa juu ni mlaini, ukishafika chini kwenye mgumu kila mvua inaongeza kidogo sana, huioni kwa macho, ila maji yanapita hapo bila kujiuliza.

Sasa niambie ni siku ya ngapi kiwanja kiligeuka korongo. Haipo. Ndio maana siku ya 22 hapakutokea kitu. Na mvua ikiruka siku moja korongo halijifukii, hilo nalo waliliona kina Lally, kukosa siku moja hakukuharibu mambo kwa kiasi cha maana. Mimi nilikuwa nikikosa siku naanza kuhesabu upya kutoka moja, kama adhabu.

Lakini mvua lazima inyeshee mteremko uleule. Hapa ndipo niliumbuka, kwa sababu nilikuwa nakata viboksi kweli, ila leo nimesoma saa nne usiku kitandani, kesho alfajiri, keshokutwa maktaba baada ya kipindi, mtondo kwa mshikaji. Wale wa London kila mmoja alifunga kitu chake kwenye tukio moja la siku, labda chakula cha mchana, na tukio ndilo lilikuwa linawavuta. Mimi nilinyesha mvua 21 kwenye viwanja 21.

Mfano huu una mwisho wake lakini. Kinachochimbika ni kule kuanza, kukaa chini na kufungua, hesabu zenyewe hazitakuja kujifanya zenyewe hata ukae miaka. Unaweza kabisa kuwa na tabia nzuri ya kusoma vibaya, mimi nilikuwa narudia desa lilelile, yaani notsi zilezile, mpaka naliona tamu. Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu wa Marekani, 2006 waliwapa wanafunzi makala wasome: waliorudia kuisoma tu walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya wiki waliokuwa wakifunika na kuandika wanachokumbuka wakawaacha, asilimia 61 kwa 40. Yaani njia mbaya ndiyo inayokupa raha mapema.

Muhula wa pili nikafunga kwenye ugali. Nikimaliza kula kwa mama ntilie jioni naenda moja kwa moja kwenye benchi la nje, desa limefungwa, swali moja la mtihani wa zamani, hata kama ni moja tu. Sikuchora chochote. Sapu sikupata, ingawa siwezi kuapa ni benchi, masomo yenyewe yalikuwa yamelegea kidogo.

Kujua kama imeshakuwa tabia nilijua kwa ajali. Yule mama ntilie alikwenda msibani Mpwapwa karibu wiki nzima, nikawa nakula chipsi upande wa pili wa barabara, na siku ya nne ndio nikashtuka kwamba sijagusa kitu toka aondoke, na wala sikuwa mvivu, sikukumbuka tu. Jumatatu karudi, kaniletea sahani, nikala, na nilipokuja kujiangalia nipo kwenye benchi na peni mkononi, na chenji yangu nimeiacha mezani.