Kijiti Mkononi: Maudhi Yake, Hatari Zake na Haki ya Kukitoa

Mama mmoja alifungua daftari la shule la mwanawe, kurasa za nyuma kabisa, akanionyesha vistari alivyovichora kwa kalamu nyekundu. Kila kistari ni siku moja ya damu. Tukahesabu pamoja, vikafika 19 mfululizo. "Si nyingi, dada, ni matone. Lakini haikatiki." Alikuwa na vijiti viwili vya uzazi wa mpango mkononi, mwezi wa tatu tangu awekewe. Hajui aswali au asubiri, mume ameanza kununa, na mama mkwe keshatoa hukumu kwamba kizazi kinaoza. "Vitoeni tu. Nimechoka."

Nikamuuliza, siku ile anawekewa, aliambiwa nini kuhusu damu. Akafikiri kidogo. "Niliambiwa nisilowanishe bandeji."

Mimi ni mkunga, na katika kitengo chetu cha afya ya uzazi jibu la namna hiyo nimelisikia mara nyingi mno. Linaniuma kila ninapolisikia. Vijiti ni miongoni mwa njia za uzazi wa mpango zinazozuia mimba vizuri kuliko zote: katika wanawake 1,000 wanaovitumia kwa mwaka wa kwanza, anayeshika mimba ni kama mmoja tu. Lakini mwanamke aliyewekewa bila kuelezwa hukaa na hofu mwilini, na hofu hiyo humfikisha mahali pabaya kuliko kijiti chenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kiitwacho Implanon NXT ni kijiti kimoja laini chenye urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, na kinafanya kazi kwa miaka 3. Jadelle ni vijiti viwili, kwa miaka 5. Vyote huwekwa chini kidogo ya ngozi, upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, baada ya sindano ya ganzi. Ndani yake mna homoni ya jamii ya projestini inayotoka kidogo kidogo kila siku. Hamna estrojeni, ile homoni nyingine ya kike, na ndiyo maana mama anayenyonyesha anaweza kukitumia bila maziwa kuharibika. Homoni hiyo huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zisipenye, na mara nyingi hulizuia yai lisitoke.

Sasa damu, maana hapo ndipo penye kesi nyingi. Projestini huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na vijishipa vyake huwa dhaifu, vikavuja bila kufuata kalenda. Kwa hiyo kubadilika kwa hedhi ndilo jambo la kutarajiwa kwa karibu kila anayetumia kijiti. Katika majaribio ya kijiti kimoja, damu ilipofuatiliwa kwa vipindi vya siku 90, takriban kipindi kimoja kati ya vitano hakikuwa na damu kabisa, theluthi moja hivi damu ilikuja kwa nadra, na katika vipindi 18 kwa kila 100 ilichukua siku nyingi kama ya huyu mama wa daftari. Wanawake 11 hivi kati ya 100 waliacha kijiti kwa sababu ya damu. Miezi ya mwanzo huwa ndiyo migumu. Wengine damu hutulia baada ya hapo, wengine haitulii, na hakuna kipimo cha kumjua mapema atakayesumbuliwa.

Yule ambaye hedhi imekatika naye ana hofu yake: "Damu chafu inakwenda wapi? Si inajikusanya tumboni?" Haijikusanyi. Hedhi ni ule ukuta wa mfuko wa uzazi unaobomoka kila mwezi baada ya kujengwa. Ukuta usipojengwa, hakuna cha kubomoka. Tumbo halina ghala la damu, na kizazi hakiozi kwa matone wala kwa kukosa hedhi.

Damu inayosumbua ina dawa. Mtoa huduma anaweza kumpa mama vidonge vya jamii ya ibuprofeni kwa siku chache, au vidonge vya majira kwa wiki tatu kama havimdhuru kiafya. Nimesema mtoa huduma kwa makusudi, si duka la dawa la mtaani, kwa sababu si kila damu ni ya kijiti. Damu baada ya tendo la ndoa, damu yenye harufu, au damu iliyoanza baada ya miezi mingi ya utulivu inahitaji uchunguzi: huenda ni maambukizi, mimba, vimbe za kizazi, au saratani ya mlango wa kizazi. Nimeona akina mama waliobaki nyumbani mwaka mzima wakisema "ni kijiti tu hiki", na wahudumu waliowaitikia bila hata kuwapandisha kitandani wawachunguze. Na kwa anayeswali, suala la hedhi na istihadha (damu isiyo ya hedhi) amuulize mwanachuoni anayemwamini. Sisi kazi yetu ni kumweleza ukweli wa kitabibu, kwamba haya ni matone yanayoletwa na homoni.

Maudhi mengine ni kuumwa kichwa, chunusi, matiti kujaa, kizunguzungu, hamu ya tendo kupungua, na hasira au huzuni isiyo na sababu. Hilo la mwisho huchekwa nyumbani, lakini nalichukulia kwa uzito, hasa kwa aliyewahi kuugua sonona. Akiona dunia imemwelemea, arudi kliniki, asisubiri tarehe ya kwenye kadi. Kuhusu kunenepa, wanawake katika majaribio ya kijiti kimoja waliongezeka wastani wa kilo 1.3 baada ya mwaka mmoja na 1.7 baada ya miwili. Wastani huo unaficha walioongezeka sana na wasioongezeka kabisa, kwa hiyo anayesema nguo zimembana asiambiwe anazusha.

Hatari zenyewe, tofauti na maudhi, nyingi zinatokana na mkono wa anayeweka. Kijiti kikipandikizwa kijuujuu, mahali pasafi, mambo huisha kwa uvimbe kidogo na weusi wa siku chache. Kikizamishwa kwenye msuli kinaweza kugusa neva, mama akasikia ganzi au mshtuko hadi vidoleni, na kukitoa kunahitaji fundi hasa. Wale wanaosema kijiti hutembea hadi moyoni wamekuza jambo, ila hawakulitunga lote. Kwa kawaida kijiti husogea sentimita moja au mbili tu. Mara chache mno kimekutwa kwenye mshipa wa damu wa mapafu, baada ya kuingizwa ndani ya mshipa wa mkono. Ndiyo maana maelekezo ya mahali pa kukiweka yamebadilishwa, kikae mbali na mishipa mikubwa na neva.

Kwa hiyo kabla hujanyanyuka kitini, weka vidole vyako mwenyewe juu ya ngozi, ukisikie kama njiti ya kiberiti iliyo chini ya kitambaa. Usiposikia kitu, sema hapo hapo, na utumie kondomu mpaka kipatikane. Implanon NXT huonekana kwenye eksirei, Jadelle hutafutwa kwa altrasaundi. Kipapase mara moja moja ukiwa unaoga.

Lipo pia la dawa, na hili wengi hawaulizwi. Dawa ya kifua kikuu ya rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na ARV ya efavirenzi huifanya homoni ivunjwe haraka mwilini. Uganda, watafiti walifuatilia wanawake 20 wenye vijiti vya Jadelle waliokuwa wakimeza efavirenzi. Watatu walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Sasa wengi wanaotumia ARV wanapewa dolutegraviri, ambayo haina ugomvi na kijiti, lakini bado taja kila dawa unayomeza.

Kijiti hakikingi Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Je, kinaongeza uwezekano wa kuambukizwa? Utafiti mkubwa uitwao ECHO uliuliza swali hilo kwa wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, ukalinganisha sindano, kitanzi cha shaba na vijiti. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Kilichoonekana ni maambukizi mengi kwa wote, na kwa hiyo kondomu haina mbadala.

Mwenye saratani ya matiti asiwekewe kijiti kabisa. Mwenye uvimbe wa ini au ini lililoharibika sana, au anayetokwa na damu ukeni isiyojulikana sababu, achunguzwe kwanza. Wengi huniuliza kama homoni huleta saratani ya matiti kwa aliye mzima. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2017 kuhusu njia za homoni kwa jumla ulikuta ongezeko dogo, kama mgonjwa mmoja zaidi katika wanawake 7,690 kwa mwaka. Ni dogo, lakini lipo, na mama ana haki ya kulijua.

Mimba ikitokea na kijiti kikiwa mkononi, jambo ambalo ni nadra, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kawaida kwamba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, yanataka hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo kwa kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, macho kuwa ya manjano, kichwa kinachouma pamoja na macho kuona ukungu, au mkono kuvimba na kutoa usaha.

Nimalizie na kutoa. Mwaka 2013 bei ya vijiti kwa nchi maskini ilishushwa kwa karibu nusu, hadi dola 8.50 za Marekani, na vikaenea haraka. Kuweka kulifundishwa kwa kasi kuliko kutoa. Leo mwanamke hutembea mwendo mrefu akaambiwa aliyefundishwa kutoa yuko likizo, au arudi na mume, au avumilie miaka iishe. Nimemshona mama aliyetolewa kijiti na jirani kwa wembe, kidonda kikiwa wazi na nusu ya kijiti imebaki ndani. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kituoni mara mbili. Kijiti ni cha mwenye mkono. Akisema kitoke, kinatoka, na sababu ya "nimechoka" inatosha.

Yule mama wa daftari tulimpima mimba, tukamchunguza, tukamweleza kuhusu dawa za kutuliza damu. Akasikiliza yote, akasema bado anataka vitoke. Tulivitoa mchana ule ule. Nikamwambia kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata kabla ya hedhi ya kwanza, na kwamba mwili hauhitaji kupumzishwa kati ya njia moja na nyingine. Je, anataka mtoto sasa? Hapana, mdogo ana miezi tisa. Akachagua kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Nikamweleza kwamba miezi ya kwanza hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu zaidi. Akaomba kalamu, akaandika maneno hayo mwenyewe, chini ya vile vistari vyekundu.