Maana ya "kugawana mali" wanandoa wanapotengana

Kugawana mali ni kila mmoja kupata fungu lake katika kile ambacho mume na mke walikichuma pamoja wakiwa ndani ya ndoa. Maana yake haizidi hapo. Lakini hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, mke aliyerudi kwao akionekana tu mlangoni kwa mumewe kufuata nguo zake, watu husema "amekuja kugawana mali", naye huambiwa asubiri mahakama.

Tulitazame neno lenyewe. Kugawa hufanywa hata na mtu mmoja, kama mama anavyogawa wali kwa wanawe. Kikiongezwa kiambishi -an-, tendo linakuwa la kutendana, na hapo lazima wawepo watu wawili wenye haki katika kitu kimoja. Cherehani ya mkono ambayo jirani yangu alipewa na mama yake kabla hajaposwa, ile ambayo mpini wake umefungwa kipande cha kanga kwa sababu mbao ilipasuka, hana wa kugawana naye. Nilimkuta siku ile amekaa barazani na mfuko mtupu mapajani, shemeji yake akimweleza kwamba hata vyeti vyake vya shule havitoki mpaka mali zigawanywe. Iliniuma sana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa haibadili umiliki, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo: ulichoingia nacho hubaki chako, na zawadi ambayo mume amempa mkewe wakiwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya mke mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinachongoja mahakama ni mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ambayo hugawanywa ikishatolewa amri ya kutengana au talaka. Na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke nazo huhesabiwa kuwa mchango wake.

Basi anayefuata kanga, vyeti na cherehani yake, tuseme amekuja kuchukua vitu vyake. Akizuiwa, aende kwa mwenyekiti wa mtaa na aseme hivyo hivyo, "nadai vitu vyangu", kwa sababu akitamka "kugawana" ataelekezwa akafungue shauri la mgawanyo kwa ajili ya kitu ambacho hakina mwenye fungu mwingine.