Je, wajua kwa nini tapeli humlipa msanii zaidi ya bei?

Mchoraji anayeuza kazi zake mwenyewe mtandaoni hupata ujumbe wa namna hii: "Habari. Mke wangu amekuwa akizitazama kazi zako, nami nataka kumshtukiza siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Tunahama, kwa hiyo wasafirishaji wetu watapita kuichukua. Nakutumia hundi." Tuseme mchoro ni dola 800. Hundi inafika ya dola 2,300. Mnunuzi anaomba radhi: hiyo ya ziada ni ya wasafirishaji, tafadhali wapelekee.

Mwizi gani anatoa pesa? Jibu limo benki. Ukiweka hundi, salio hupanda kabla benki iliyoitoa haijailipa. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1987 inazitaka benki zimruhusu mteja kuzitumia pesa za hundi mapema, mara nyingi ndani ya siku chache tu, ilhali kugundua kwamba hundi ni ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Tapeli anafanya kazi yake katikati ya siku hizo. Msanii anaona 2,300 kwenye akaunti, anatuma 1,500 kwa "wasafirishaji", ambao ni tapeli mwenyewe au mwenzake, na hizo ni pesa halali zilizotoka mfukoni mwake. Hundi inaporudi, benki inakata 2,300 zote. Mchoro haukufuatwa na mtu, maana tangu mwanzo hakuna aliyeutaka. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mtu alikesha akiufunga kwa karatasi laini, pembe kwa pembe, akijua amepata mteja aliyeipenda kazi yake.

Usome tena ule ujumbe. Kila neno lina kazi. Kushtukiza kunakuzuia kuzungumza na mke. Kuhama kunamleta mtu wa tatu wa kulipwa. Lakini jina la mchoro halipo, wala ukubwa, wala rangi, kwa sababu ujumbe huohuo umetumwa kwa wasanii chungu nzima. Muulize anautaka upi na kwa nini. Wengi hupotea hapo. Wajanja wachache watanakili jina kutoka kwenye ukurasa wako, kwa hiyo jibu zuri peke yake lisikutoe wasiwasi.

Hesabu hiyohiyo huvaa nguo nyingine. Mmoja anasema anataka kuchora kutokana na picha yako ya kamera, atakulipa kwa hundi, ila sehemu yake umpelekee fundi wa vifaa. Mwingine anakuletea barua pepe yenye nembo ya PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, ikisema malipo yamezuiwa hadi utume pesa kidogo za kupandisha daraja la akaunti. Usibofye kiungo kilichomo. Fungua akaunti yako kwa kuandika anwani mwenyewe, uone kama kuna kitu. Yupo pia anayetaka kununua kazi yako kama NFT, yaani cheti cha kidijitali cha umiliki, lakini kwenye tovuti anayoichagua yeye. Humo utaona umeuza na salio limenona, ila kulitoa kunadai ada, kisha ada nyingine. Tovuti ni yake, na salio ni tarakimu tu alizoziandika.

Wachoraji wa kidijitali wana hatari yao: "maelezo ya kazi" yanayokuja kama faili lililobanwa. Ukilifungua na kukuta jina linaloishia na .scr au .exe, hiyo si picha wala hati. Ni programu, na huenda imekuja kuiba akaunti zako.

Pesa zikizidi, usirudishe chenji kwa njia yoyote. Futa oda nzima na umwambie mnunuzi alipe upya kiasi kamili. Ukiwa benki, usiulize kama pesa zimeingia, kwa sababu wataangalia salio na kukujibu ndiyo. Uliza kama hundi imeshalipwa na benki iliyoitoa. Na kama umeshatuma, ipigie benki yako leo hii, kabla ya kumjibu mnunuzi neno lolote.