Krimu ya cheti si mafuta ya kujipaka

Dirishani kwetu famasi, hapa Dar es Salaam, haipiti siku bila mtu kuleta tyubu iliyominywa hadi ikawa bapa, haina boksi wala maelezo, na ombi lake ni moja: "Nipatie kama hii." Ukiuliza daktari alisemaje, jibu ni kwamba ilimfaa jirani.

Krimu za clobetasol na betamethasone ni steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Zinasaidia sana pumu ya ngozi, lakini haziui fangasi. Kijana mmoja wa bodaboda alijipaka clobetasol kwenye mapaja kwa miezi mitatu. Muwasho ulitulia siku chache tu, akaamini amepona. Alipotufikia, lile duara la choa lilishapoteza umbo, limetambaa hadi makalioni, na ngozi imekuwa nyembamba yenye michirizi kama ya tumbo la mjamzito. Steroidi ilizima muwasho, fangasi wakabaki wakienea chini kwa chini.

Clobetasol haipakwi zaidi ya wiki 2 mfululizo, wala haizidi gramu 50 kwa wiki. Kipimo ni kidole cha mtu mzima: minya krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni takriban nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Usipake usoni wala karibu na macho bila daktari kukuelekeza. Mtoto mchanga usimpake kisha ukamfunga pampasi, kwa sababu joto na kufunikwa huongeza dawa inayoingia mwilini.

Cheti cha daktari kisomeke: jina la mgonjwa, umri, jina la dawa na nguvu yake, sehemu ya kupaka, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, tarehe na saini. Kikiandikwa "apake" tu, rudi ukaulize. Mfamasia akikataa kukuuzia bila cheti hakunyanyasi, anafuata sheria. Na ile ya kuichanganya kwenye mkorogo ili ung'ae, jamani, tumeieleza mara ngapi?

Ukipata madhara, njoo na boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, utaje na siku uliyoanza kupaka. Mtoa huduma atajaza fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kama umeipaka kwa miezi, usiiache ghafla, wala usiendelee kimyakimya. Muone daktari ukiwa na tyubu yenyewe, akupangie namna ya kuipunguza.